Mama Prefe Aliyezitafutia Hadithi Zetu Soko

Mama Prefe hakuwahi kusoma gazeti kuanzia mbele. Alilipokea, akaligeuza, akaanzia ukurasa wa mwisho, kule kwenye maandishi madogo ya matangazo ambayo sisi wengine tulikuwa tukiyafungia karanga. Mawaziri, mipira, hata vita vyenyewe, vyote aliviacha vimngoje. Kidole chake kilishuka taratibu kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto, na alikuwa anatafuta neno moja tu: shindano. Likikosekana hilo, alitafuta anwani ya jarida lolote lililosema linapokea hadithi.

Kwetu Baraka, mji wa kando ya ziwa, ng'ambo ya Kigoma, mkuu wa shule ya sekondari huitwa prefe, na kwa kuwa huyu alikuwa mwanamke, mji mzima ulimwita Mama Prefe, hata wale ambao hawakuwa na mtoto shuleni kwake. Mimi nilifundisha biolojia chini yake, na nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa matete tu. Nilimjua kwa miaka mingi, na sidhani kama kuna mtu aliyenisumbua zaidi yake, wala ninayemkumbuka zaidi.

Magazeti hayakuuzwa kwetu. Yalifika yakiwa yamefunga sabuni. Wafanyabiashara waliokwenda Kigoma kwa boti walirudi na vipande vya karatasi za Tanzania, Kenya, Uganda, na Mama Prefe alikuwa akiwasimamia ufukweni kama mtoza ushuru. "Sabuni ni yako," aliwaambia, "karatasi ni yangu." Padri wa parokia alimpa majarida ya zamani ya Kifaransa. Na kulikuwa na redio yake ndogo, ambayo mawe yake ya betri aliyaanika juani kila asubuhi pamoja na mihogo ili yapate nguvu kidogo. Mchana aliiweka juu ya kigoda, akakaa mbele yake amevaa koti lake la mvua. Koti hilo alilivaa masika na kiangazi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza sababu.

Kila alichokipata alikiandika nyuma ya ubao wa zamani uliokuwa katika chumba chetu cha walimu. Jina la jarida, lugha wanayoitaka, urefu, mwisho wa kupokea, na chini yake maneno yake mwenyewe. "Hawa wanapenda mizimu, hawapendi mahubiri." "Hawa hawalipi, lakini wanasoma." "Hawa wanataka mambo ya miaka ijayo, msiwapelekee ya babu zenu." Palikuwa na shindano moja alilolipiga msalaba mzito wa chaki nyekundu, kwa sababu waandaaji walitaka kila mshiriki atume kwanza kitu kidogo cha kujiandikisha. "Shindano linaloanza kwa kukunyooshea mkono," alisema, "ni mwizi aliyevaa tai."

Alitutaka tuandike. Wanafunzi, walimu, mpishi wa parokia, yeyote. Lakini hakutaka tuandike chochote tu. Alitaka zile alizoziita hadithi za "kama". Kama mtu angeweza kuuza kivuli chake. Kama mlima ungechoka kusimama. Kama miaka mia ijayo Baraka ingekuwa na taa barabarani na taa hizo zikaanza kusengenya watu. Nilimuuliza siku moja kwa nini hataki tuandike mambo yetu yenyewe, maana wakati ule hakukuwa na nyumba isiyokuwa na jambo la kusimulia. Vita vya kwanza vya nchi yetu vilikuwa vimepita juu yetu, vya pili vilikuwa vimefika, na waasi waliokuwa wanatawala mji walikuwa wameweka bariere, vizuizi vyao vya njiani, pande zote.

Alifunga mlango kabla ya kunijibu.

"Mwalimu, ukiandika kilichotokea, watakuuliza nani alikuambia. Ukiandika kilichokataa kutokea, watakuuliza nini?"

Aliamini hivyo kabisa. Alidhani amegundua njia ambayo risasi haiijui.

Na hapo ndipo palipokuwa na ajabu yake. Mwanamke huyu aliyetuchochea kubuni kila siku hakuweza kuvumilia chumvi hata punje moja katika mazungumzo ya kawaida. Mvuvi mmoja wa Lweba alimwambia kwamba amevua samaki mkubwa kama mtu.

"Mutu gani?" akauliza.

"Mutu tu, Mama."

"Mutaje. Batu ba hapa nabajua bote. Ni mukubwa sawa nani?"

Yule mvuvi akatazama huku na huku, mwisho akasema, "Basi, sawa mutoto."

"Mutoto wa nani?"

Hadithi zetu alizishughulikia vivyo hivyo. Mimi niliandika moja kuhusu chura aliyemwonya daktari juu ya ugonjwa unaokuja. Aliirudisha ikiwa imejaa alama. "Huyu chura anaongea lugha gani? Wewe ni mwalimu wa biolojia. Meno hana, midomo hana. Herufi 'f' anaitamka namna gani?" Nikamwambia, Mama, hii ni hadithi. "Njo maana nakuuliza," akasema. "Hadithi haina ruhusa ya kuwa goigoi. Uongo umepewa mmoja tu. Ukishautumia, mengine yote yawe kweli tupu, mpaka bei ya chumvi." Niliikalia ile hadithi wiki nzima. Mwishowe chura wangu aliongea bila herufi 'f', na kwa kweli hapo ndipo alipoanza kutisha.

Alikuwa na subira ya korongo kwa mambo ya barua. Bahasha iliondoka na boti, ikakaa miezi, na jibu likaja mikononi mwa mtu aliyepewa na mtu. Mara nyingi jibu lilikuwa la kukataa. Basi alitukusanya chumba cha walimu, akasimama, akalisoma kwa sauti ya ibada, kisha akapiga makofi, na sisi tukalazimika kupiga. "Hadithi iliyokataliwa haijafa," alisema. "Imerudi nyumbani kulala. Kesho itaamka." Halafu alikwenda nyuma ya ubao kutafuta pengine pa kuipeleka. Lakini mwanamke huyohuyo hakuweza kungoja maharage yaive, wala bukari, ugali wa kwetu, isongwe. Mke wangu alimkuta mara kadhaa amesimama jikoni akitafuna maharage ambayo hayajaiva, sufuria ikichemka mbele yake.

Alikuwa Mkatoliki, na aliimba katika kwaya ya Waprotestanti kwa sababu, alisema, kule sauti za alto zilikuwa zinalegalega.

Kulikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko amri za kanisa. Mashindano karibu yote yalitaka hadithi ije bila jina la mwandishi, ili majaji wasipendelee. Yeye aliizidisha. Alichukua kila hadithi, akainakili upya kwa mwandiko wake mwenyewe, ule mwandiko wa kulala kulia kama majani ya mpunga kwenye upepo, na nakala ya mwandishi akairudisha. Jina halikuandikwa popote. Baadhi yetu tuliudhika. Tulisema anataka sifa. Yeye alisema mwandiko nao ni jina.

Sheria hiyo ilimletea maneno mabaya. Kabla njia za milimani hazijafungwa, alimkuta sokoni Fizi mfugaji mmoja kutoka juu milimani, wa zile familia za ng'ombe zinazosema Kinyarwanda, ambazo wengi mjini waliziona za maadui, akimsimulia mwenzake habari za ng'ombe aliyekataa kuvuka mwaka mpya na kubaki katika mwaka wa zamani. Mama Prefe alimketisha juu ya gunia, akaiandika hadithi yake neno kwa neno, akaituma. Watu walipojua, wakamjia. Mzee mmoja wa kanisa alimwambia waziwazi, "Unapeleka hadisi ya bale?"

"Ya nani?" akauliza.

"Unabajua."

"Majaji hawajui jina, na mimi nimelisahau," akasema. "Weye unalijua? Basi lichunge."

Wakati ule sentensi kama hiyo ilitosha kumpotezea mtu marafiki, na alipoteza. Kwaya ilimweka mstari wa nyuma kwa muda. Hakuacha kuimba.

Sasa nifike kwa Neema, mke wangu. Neema alikuwa mshonaji. Shule aliiacha katikati kwa sababu ya vita vya kwanza, na alikuwa akiona haya mbele ya walimu wenzangu. Wakija nyumbani alikuwa akijificha nyuma ya cherehani. Mama Prefe hakumsikia kwa mdomo wangu. Alimsikia kupitia ua wa matete, Neema akimwimbia mtoto wetu kihadithi alichokitunga papo hapo. Akapaza sauti kutoka upande wake: "Mama, ile ya ziwa, malizia!" Neema akanyamaza kama aliyeshikwa akiiba. Jioni ile Mama Prefe akaja na karatasi na kalamu, akaviweka juu ya meza ya kukatia nguo, akaondoka bila kukaa.

Hadithi ilikuwa hivi. Asubuhi moja ziwa linaamka, linakunja maji yake kama mtu anavyokunja mkeka, linaondoka. Linabaki bonde kavu lenye matope na mifupa ya boti. Na wale wote waliokimbilia ng'ambo wanaanza kutembea kurudi nyumbani, na sufuria zao vichwani, na wanapofika wanakuta wageni wamelala vitandani mwao. Neema aliiandika kwa majuma mengi. Mama Prefe alimrudishia tena na tena. Alitaka kujua matope yale yananuka nini. Alitaka kujua samaki wamekwenda wapi. Neema alilia kwa hasira juu ya samaki wale, kisha akawapatia mahali.

Kulikuwa na shindano lililotangazwa redioni, la hadithi za mambo yasiyokuwepo, na muda wake ulikuwa unakwisha. Boti ilikuwa inaondoka kesho yake asubuhi. Mama Prefe alinakili hadithi usiku kucha, na kulipokucha aliniomba nimsindikize ufukweni.

Siku hizo kila mzigo ulipekuliwa. Askari mmoja wa waasi alimwuliza kilichomo ndani ya bahasha. Mtu mwenye akili angesema ni barua kwa shangazi. Mimi nilikuwa tayari kusema hivyo.

"Hadithi," akasema Mama Prefe.

"Hadisi ya nini?"

"Ya ziwa."

Askari akaifungua, akasoma mistari michache akisogeza midomo, akaacha kusogeza. Akamwita mwingine. Yule mwingine akasoma, akatutazama. Watu waliokuwa karibu nasi wakaanza kusogea mbali, bila haraka, kama maji yanavyoliacha jiwe.

Walitupeleka kwa komanda, katika jengo ambalo zamani lilikuwa ghala la pamba. Mimi niliketishwa barazani, chini ya dirisha, na askari mwenye bunduki mbele yangu. Mama Prefe aliingizwa ndani. Dirisha halikuwa na kioo; nilisikia kila neno.

Komanda hakuwa mtu wa kufoka. Alisoma kwa sauti, polepole, ile sehemu ya watu kurudi.

"Mama, hawa ba ng'ambo ni banani?"

"Ni watu wa hadithi."

"Beko bangapi?"

"Hadithi haisemi."

"Banakuja siku gani?"

"Siku ziwa likiondoka."

"Na ziwa itaondoka siku gani?"

"Komanda, ziwa haliondoki. Hii ni kitu ambayo haiko."

Nilisikia karatasi ikigeuzwa.

"Kama haiko," akasema komanda, "juu ya nini unaiandika? Mutu mwenye akili anachukua bike ya wino na karatasi, anakaa, anaandika kitu haiko? Na anaipeleka ng'ambo, kwa boti, wakati wa vita?"

Nimefikiri sana juu ya swali hilo. Halikuwa la kijinga. Mama Prefe alijaribu kumweleza habari za mashindano, majaji, majarida. Alimweleza vizuri, kama alivyokuwa akitueleza sisi. Na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyosikia jinsi maneno yale yanavyofanana na maneno ya majasusi: hakuna jina, kuna anwani ya nchi nyingine, kuna siku ya mwisho, kuna watu usiowajua wanaongoja.

"Nani aliandika?" komanda akauliza.

"Shindano halitaki jina."

"Mi njo nataka."

"Najua. Lakini sheria nilikubali kabla ya kukujua wewe."

Nikasikia kofi. Nikainuka, askari akanisukuma chini kwa kitako cha bunduki. Ndani wakamletea kalamu na karatasi, wakamwamuru aandike maneno watakayomtajia. Aliandika. Wakalinganisha.

"Mwandiko ni mumoja," komanda akasema. "Ni weye."

Nilimjua mwanamke yule. Nilijua kwamba hajawahi kusema uongo hata kwa mkaguzi wa shule.

"Mwandiko ni wa mkono wangu," akasema.

Ilikuwa kweli tupu. Nao wakaushughulikia mkono huo. Sitasimulia. Nilikuwa pale, nilisikia, inatosha.

Mimi waliniachia kabla ya jua kuzama, kwa kuwa hawakuona nina maana gani. Nilimkuta Neema mlangoni. Habari zilikuwa zimeshafika. Hakulia. Aliuliza tu, "Ni ile yangu?" Nikasema ndiyo. Asubuhi nilipoamka, cherehani ilikuwa imefunikwa na Neema hayupo. Nilikimbia mpaka ghalani nikiwa sina viatu.

Nilimkuta amesimama mbele ya komanda, barazani, mtoto mgongoni. Alikuwa amevaa vitenge vyake vya kanisani.

"Ile hadisi ni yangu," alikuwa anasema. "Mama Prefe alinakili tu. Mi njo niliitunga. Mumuachie, munishike mimi."

Komanda alimtazama, akatazama sindano zilizochomekwa kwenye kola yake, akamtazama mtoto.

"Weye unafanya kazi gani?"

"Nashona."

"Ulisoma mpaka wapi?"

Neema akasema.

Yule mtu akacheka. Hakucheka kwa ukatili, na hilo ndilo lililoniumiza. Alicheka kama baba. "Mama, weye uko na roho nzuri. Unataka kumusaidia mukubwa wako. Lakini ile kitu iliandikwa na mutu wa akili sana. Kwenda, nyonyesha mutoto."

Neema akaanza kumsomea kwa kichwa, kuanzia mstari wa kwanza. Ziwa linaamka, linakunja maji yake. Hakukosea neno. Komanda akaacha kucheka. Nikadhani sasa tumekwisha, sote. Lakini aligeuka kwa askari wake akasema, "Munaona? Amebafundisha mpaka bamama ba kushona. Anabafundisha kwa kichwa." Akaamuru tufukuzwe.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Neema alisema ukweli wote, akaukariri mwanzo hadi mwisho, na ukaonekana uongo.

Kilichomtoa Mama Prefe hakikuwa maombi yetu, ingawa padri na mchungaji walikwenda pamoja, jambo ambalo lenyewe lilikuwa mwujiza. Mapigano yaliwaka upande wa Lulimba, komanda akaitwa huko pamoja na watu wake, na aliyekuja badala yake hakujua afanye nini na mwanamke mzee ghalani. Alifungua mlango akasema, "Mama, kwenda." Hadithi ilikuwa imeshachomwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa, na vidole vyake havikunyooka tena.

Tulikwenda kumwona. Neema alipiga magoti mbele yake. Sijui tulitarajia nini, labda baraka. Mama Prefe alikuwa amekaa kitandani, koti la mvua begani, na alikuwa na hasira.

"Nimesikia ulikuja," alimwambia Neema. "Nimesikia ulisema jina."

"Ndiyo, Mama."

"Mbele ya askari."

"Walikuwa wanakuumiza."

"Mimi niliwaficha jina siku zote hizo, na wewe ukalileta na mtoto mgongoni!" Sauti yake ilipasuka. Kisha akamvuta Neema kwa mkono ule mzima, akamkumbatia kichwa, na wakakaa hivyo muda mrefu. Nilitoka nje. Nilikuta mawe ya redio yangali yameanikwa kwenye ungo, hakuna aliyeyagusa, yamelowa mvua.

Shule alinyang'anywa. Alikwenda Lubondja, kwa jamaa zake wakulima. Sisi tulivuka ziwa mwezi uliofuata, na kule kambini, upande wa Tanzania, Neema aliiandika upya hadithi yake yote. Hakukuwa na Mama Prefe wa kuinakili wala wa kututafutia anwani. Nilifanya mwenyewe alivyokuwa akifanya: niliomba karatasi za sabuni, nikaanzia ukurasa wa nyuma. Hadithi ilikataliwa mara kadhaa. Kila mara nilisimama mlangoni mwa hema nikalisoma jibu kwa sauti, Neema na majirani wakapiga makofi bila kujua vizuri kwa nini. Mwishowe jarida moja dogo liliichapa. Walitutumia nakala.

Vita vilipotulia kidogo tukarudi, na jambo la kwanza lilikuwa kwenda Lubondja. Tulipanda njia ile asubuhi, na kila kikundi cha vijana wenye silaha tulichokutana nacho kilituuliza tunakwenda wapi, na Neema akajibu, "Kusalimia mama." Tulimkuta uani anamenya mihogo kwa mkono wa kushoto. Alikuwa amekonda. Koti la mvua alikuwa amelitandaza chini, mihogo juu yake.

Alifurahi kutuona, alituuliza habari za mtoto, za njia, za waliokufa. Neema alitoa lile jarida kwenye kitambaa, akalifungua kwenye ukurasa wake, akaliweka mbele yake. Mama Prefe alilitazama kwa mbali, hakulishika.

"Asante, binti yangu," akasema. "Liweke ndani, mvua isilinyeshee."

"Hutasoma?"

"Sisomi tena hayo. Nimechoka na mambo yasiyokuwepo. Yaliyopo yanatosha." Akachukua muhogo mwingine. "Redio nilimpa mwana wa kaka yangu. Anasikiliza mpira."

Neema alivuta kisu, akakaa karibu naye, akaanza kumenya. Tukaongea juu ya mihogo, ugonjwa wa majani, panya. Jua lilikuwa juu kabisa. Na katikati ya maneno hayo ya panya Neema akasema, bila kuinua macho, kana kwamba anaendelea kueleza jambo la kijijini, kwamba kuna mji ambao watu walikimbia haraka mno hata wakaacha sauti zao ndani ya nyumba.

Mama Prefe aliendelea kumenya.

Watu wamekwenda, Neema akasema, lakini sauti zimebaki. Asubuhi zinaamkiana kupitia ukuta. Zinagombana juu ya maji. Zinaita watoto. Miaka inapita. Kisha mwanamke mmoja anarudi, peke yake, anasimama mlangoni pake. Hawezi kubisha hodi, maana sauti yake iko ndani.

"Anapiga mlango kwa mkono," akasema Mama Prefe, hajageuka. "Mkono anao."

"Anapiga kwa mkono. Na sauti inakuja mpaka mlangoni. Inamwona. Haimjui, amebadilika sana." Kisu cha Neema kikasimama. "Halafu sijui, Mama. Nimefika hapo tangu kambini. Sijui sauti itamwambia nini."

Katika miaka yote niliyomjua, Mama Prefe alikuwa ametukata, ametuhoji, ametutafutia pa kwenda, lakini sikuwahi kumsikia akibuni kitu chake mwenyewe, hata methali. Aliangalia upande wa njia tuliyokuja nayo, muhogo mkononi. Nilidhani amekasirika.

"Haitamuuliza kitu," akasema mwishowe. "Itamwambia: bukari imepoa, kaa, niwashe moto."

Neema akaweka kisu chini, akafunika uso kwa kitenge. Mama Prefe akaikusanya mihogo iliyomenywa, akaipakata, akainuka taratibu akishikilia ukuta, akaenda jikoni. Tulimsikia akipuliza makaa.